Dume Asiyezalisha Anayesaidia Kundi

Kwa wengi wenye kondoo katika vilima vya Goma, wana-kondoo huzaliwa ovyo: mmoja leo, mwingine mwezi ujao, mwingine usiku wa mvua wala hakuna mtu wa kumwangalia. Asubuhi amekufa kwa baridi, na malipo ya masomo ya mtoto yamekufa pamoja naye. Majike wakizaa katika siku zilizo karibu, mwenyewe aweza kukesha nao, kupaka kitovu iodini, na kuona kwamba kila mwana amenyonya maziwa ya kwanza. Yatima naye hupata mama mwingine aliyezaa siku ileile.

Iko njia ya kuwakusanya. Dume aliyehasiwa hana mbegu wala tamaa. Mganga wa mifugo akimpiga sindano za homoni ya kiume, tamaa na harufu ya dume humrudia, lakini mbegu hazirudi. Huyu ni dume wa kuamsha.

Kwanza majike wakae mwezi mmoja mbali na madume wote, wasiwaone wala kusikia harufu yao. Tuseme tangu tarehe 1 Machi. Tarehe 1 Aprili mtie dume wa kuamsha. Majike waliokuwa wamelala huamka ndani, na kwa siku mbili au tatu yai hutoka, ingawa mara nyingi hawaonyeshi dalili. Basi usikate tamaa! Dalili huja wazi baadaye, wengi kati ya siku ya 17 na ya 25. Kwa hiyo tarehe 15 umtoe, uingize dume mzima. Mimba ya kondoo ni kama siku 150. Utapokea wana katikati ya Septemba, majani yanapoanza kuota tena.

Tuseme kweli: katika Ulaya kondoo hufuata urefu wa mchana, na huko njia hii ina nguvu kubwa. Kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, na majike wenye afya huweza kupata mimba mwaka mzima. Hao dume wa kuamsha hawabadilishi sana. Jike aliyekonda ahitaji majani kwanza. Na kama kondoo wako huchunga pamoja na madume ya jirani, sindano ni fedha ya bure. Wamasai huwafunga madume ngozi chini ya tumbo, wasipande mpaka majira yafike. Hiyo haihitaji dawa.

Sasa angalia sana. Dawa hiyo si ya watu. Kijana anayejipiga ili apate nguvu aweza kupunguza mbegu zake mwenyewe. Sauti ya mwanamke huwa nzito, na mtoto wa kike tumboni aweza kuharibika. Mwenye mimba asiishike. Chupa ifungiwe, sindano ya mnyama isitumiwe kwa mtu kamwe, na dume huyo asichinjwe kabla ya siku alizozitaja mganga kutimia.