Je, Wajua? Paka Wapelelezi, Kutoka Detroit Hadi Ruziba

Ruziba iko kusini mwa Bujumbura, Burundi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara iendayo Rumonge. Ni sehemu ya jiji, lakini watu wake bado wanajuana kwa majina, kwa ukoo na kwa madeni. Muuza ndagala anajua nani hajalipa tangu wiki jana. Mwenye duka anajua nani karudi usiku wa manane. Na paka anayejinyoosha chini ya meza ya samaki ameshaingia nyumba zote mbili, wala hakubisha hodi.

Mahali pa namna hiyo ndipo zinaponoga riwaya za upelelezi za aina moja inayopendwa mno duniani: mji mdogo, kifo kimoja, damu isiyomwagwa mbele ya msomaji, mpelelezi asiye askari, na paka. Kwa nini wasomaji hawazichoki? Yafuatayo yatakusogeza kwenye jibu.

1. Yote yalianza na paka aliyeanguka kutoka ghorofa ya kumi

Lilian Jackson Braun alikuwa mhariri katika gazeti la Detroit Free Press, Marekani, na alifuga paka wa Kisiamu aitwaye Koko. Siku moja Koko akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya kumi, akafa. Majirani wakanong'ona kwamba alisukumwa. Braun akamaliza uchungu wake kwa kalamu: hadithi fupi iliyotoka mwaka 1962 katika jarida la Ellery Queen's Mystery Magazine, kisha, mwaka 1966, riwaya ya kwanza, The Cat Who Could Read Backwards. Humo Koko yu hai tena, akiishi na mwandishi wa habari aitwaye Jim Qwilleran. Haongei hata neno. Anaangusha kitabu rafuni, anakwaruza mahali, anakodolea macho kitu ambacho wengine wamekipita. Maana yake anaitafuta binadamu mwenyewe.

2. Mwandishi huyo alikaa miaka 18 bila kutoa riwaya

Baada ya kitabu cha tatu, mwaka 1968, soko liligeuka. Wachapishaji wakataka ngono na damu, na Braun hakuwa na bidhaa hiyo. Riwaya ya nne ilitoka mwaka 1986, mwandishi akiwa kashavuka miaka 70. Kuanzia hapo hakurudi nyuma: kufikia mwaka 2007 alikuwa na riwaya 29. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 97. Wasomaji wa hadithi tulivu hawakuwa wamekwenda popote. Ni wachapishaji tu waliokuwa wamewapa kisogo.

3. Methali moja ya Kiswahili inatosha kueleza sheria ya riwaya hizi

Kikulacho ki nguoni mwako. Muuaji hashuki kwenye basi kutoka mbali. Ni mtu aliyekuja kutoa pole msibani. Agatha Christie aliijenga kazi ya Miss Marple juu ya jambo hilo, tangu hadithi fupi ya mwaka 1927 na riwaya ya mwaka 1930. Bibi huyo mzee wa kijiji cha kubuni cha St. Mary Mead hana maabara wala bastola. Akisikia kisa, anakumbuka mtumishi fulani aliyewahi kudokoa, au mwenye duka aliyewahi kusema uongo mdogo, kisha analinganisha tabia na tabia. Kwake umbea haupotei bure. Ni kumbukumbu za kesi.

4. Paka wa kweli aliwahi kumfikisha mtu gerezani

Hiki si kisa cha kubuni. Mwaka 1994, katika kisiwa cha Prince Edward, mkoa mdogo kuliko yote ya Kanada, mwanamke mmoja alitoweka na baadaye mwili wake ukapatikana umefukiwa. Polisi walikuwa wameokota koti la ngozi lenye damu, na kwenye bitana yake kulikuwa na nywele nyeupe. Maabara ikasema si nywele za mtu, ni za paka. Askari mmoja akakumbuka kwamba nyumbani kwa wazazi wa mtuhumiwa, mwenzi wa zamani wa marehemu, alikuwepo paka mweupe aitwaye Snowball.

Tatizo likawa nani atapima. Maabara za polisi hazikuwa na uzoefu wa vinasaba vya paka. Msaada ulipatikana Marekani, kwenye taasisi ya taifa ya saratani, ambako Stephen O'Brien na Marilyn Menotti-Raymond walikuwa wakichunguza vinasaba vya paka ili kuelewa maradhi ya kurithi. Snowball akatolewa damu, ikalinganishwa na unywele wa kwenye koti, vikaoana.

Hapo wataalamu wakajiuliza swali ambalo mtu yeyote wa sehemu ndogo angeliuliza: je, kisiwani humo paka wote si ndugu? Kama ni ukoo mmoja, ushahidi unaanguka. Wakachukua damu ya paka wengine wapatao 20 wa kisiwani, wakaona wanatofautiana vya kutosha. Mwaka 1996 mtuhumiwa akatiwa hatiani, na mwaka 1997 jarida la Nature likachapisha habari hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza vinasaba vya paka kutumika hivyo mahakamani. Baadaye Uingereza nayo ilimtia mtu hatiani, mwaka 2013, kwa msaada wa nywele za paka aitwaye Tinker.

5. Vifaa vya kazi amezaliwa navyo

Sikio la binadamu linakomea kwenye sauti za mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. La paka linafika kama 64,000. Ndiyo maana anasikia panya wakiitana ukutani wakati wewe unaona nyumba imetulia. Usiku anahitaji takriban sehemu moja tu ya sita ya mwanga unaohitaji wewe, kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha nuru. Huo ndio unaong'aa ukimmulika kwa tochi. Masharubu yake, kwa kawaida 12 kila upande wa mdomo, yanampimia upana wa upenyo kabla hajaingiza mwili. Mwandishi wa riwaya hana haja ya kumwongezea uchawi.

6. Japani kuna paka mpelelezi aitwaye Holmes

Mwandishi Akagawa Jirō alianza mfululizo wake mwaka 1978, na vitabu vyake sasa vimepita 50. Mhusika mkuu ni askari anayezimia akiona damu. Mwenye akili ni paka wake wa rangi tatu. Paka huyo ni jike, na hapo mwandishi hakukosea: paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Kinachoamua rangi ya chungwa au nyeusi kipo kwenye kromosomu X, na ili zote mbili zionekane pamoja huhitajika kromosomu X mbili. Kwa hiyo, shahidi akiapa kwamba alimwona dume wa rangi tatu, mwulize tena taratibu.

7. Kuna paka ambaye jina lake limechapwa jaladani kama mwandishi

Ni Sneaky Pie Brown, paka wa mwandishi Rita Mae Brown wa Marekani. Tangu mwaka 1990 wameandikwa pamoja kwenye mfululizo wa visa vya Crozet, mji mdogo wa kweli huko Virginia. Mwanamke anayechunguza ni mkuu wa posta, yaani mtu ambaye barua zote za mji zinapitia mikononi mwake. Paka na mbwa wake wanazungumza, ila binadamu hawawaelewi. Msomaji anajua kabla ya mpelelezi, na utamu uko hapo.

8. Bingwa wa Kiswahili wa hadithi hizi alihariri jarida la kilimo

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alimaliza shule mwaka 1938, akafanya kazi miaka kumi kama mkaguzi wa afya, kisha akaingia magazetini. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Fikiria kazi ya mkaguzi wa afya: kuingia nyumba za watu, kuona uani, kuona kilichofichwa nyuma ya pipa la maji. Kwa mtu aliyekuwa na mpango wa kuandika upelelezi, mafunzo gani yangezidi hayo?

Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Ndipo tulipomjua mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Zikafuata nyingine, zikiwemo Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na Siri ya Sifuri mwaka 1974. Wahakiki wengi wamemfananisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, na kiko kinawapa haki. Lakini dunia yake iko karibu zaidi na ya Miss Marple: visiwani, ambako urithi, ndoa na nani ni mtoto wa nani vinabeba siri nzito kuliko bunduki. Watu wanaposingizia mzimu, yeye anatafuta mkono wa mtu.

Miaka ya 1970 risasi zikaingia na kwetu. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, shujaa wake Willy Gamba alikuwa jasusi wa bastola na safari za mbali. Wasomaji walimpenda, na bado wanampenda. Hata hivyo Bwana Msa hakuzeeka. Vitabu vyake vimesomeshwa mashuleni kizazi baada ya kizazi.

9. Afrika inaye mpelelezi aliyeuza ng'ombe ili afungue ofisi

Ni Mma Ramotswe wa Gaborone, Botswana, aliyebuniwa na Alexander McCall Smith, mwandishi mzaliwa wa Bulawayo. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1998. Mali aliyoachiwa na baba yake, ng'ombe, ndiyo iliyogeuka kuwa ofisi. Kesi zake nyingi hazina hata maiti: mume asiyeeleweka, mtoto aliyepotea, mtu anayejifanya asiye yeye. Anapika chai, anamwacha mteja aseme yote.

10. Burundi inajulikana zaidi kwa mnyama mtuhumiwa kuliko mnyama mpelelezi

Gustave, mamba mkubwa wa Mto Rusizi na ufuo wa Tanganyika, alipewa jina na Mfaransa Patrice Faye aliyemfuatilia kwa miaka mingi. Inasemekana aliua mamia ya watu, idadi ambayo hakuna aliyeweza kuithibitisha. Alitegewa mtego mkubwa wa chuma, akaukwepa. Mwaka 2007 Hollywood ikatoa filamu iliyotokana na habari zake. Tazama tofauti: kisa cha mamba kinamfukuza mtu ufukweni, kisa cha paka kinamrudisha barazani kuzungumza.

11. Upelelezi mkubwa uliwahi kupita karibu na Ruziba

Kusini kidogo ya Ruziba, huko Mugere, kuna jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliolala hapo Novemba 1871. Wengi hudhani ndipo walipokutana mara ya kwanza. La, hiyo ilikuwa Ujiji. Walikuja upande huu kutatua fumbo moja: je, Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Wakapiga makasia hadi mdomo wa mto, wakaona maji yanaingia. Nadharia ya kwamba Nile inaanzia Tanganyika kwa njia hiyo ikafa. Wavuvi wa hapo walikuwa wakilijua jibu siku zote.

12. Mwezi unaweza kuvunja uongo wa mshukiwa

Hili la mwisho ni zawadi kwa atakayeandika riwaya ya Ruziba. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za betri na sola. Samaki hufuata mwanga, wavu ukainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Basi mshukiwa akisema, "Usiku ule nilikuwa ziwani navua ndagala," na usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, amejifunga kwa mdomo wake. Polisi aliyetumwa kutoka mbali angeandika maneno hayo daftarini na kwenda zake. Mama anayeanika ndagala kwenye vichanja angeinua macho na kuuliza, "Usiku gani huo?" Paka wake, ambaye siku hizo hupita vichanja vitupu na kurudi akilia njaa, angekuwa shahidi wa pili.

Mvuto wa riwaya hizi ndio huo. Zinampa heshima mtu ajuaye mtaa wake: zamu za wavuvi, sauti ya mlango wa jirani, paka wa nani analala wapi. Ujuzi ambao kwingine unaitwa udaku, humo unamwokoa asiye na hatia. Bwana Msa alikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza, na Kiswahili kinasikika Bujumbura kila siku, mtaani Buyenzi hasa. Ruziba ina ziwa, ina soko, ina paka. Imebaki kalamu.