Sauti Iliyonaswa na Mwenye Sauti

Ngoma ya Burundi haina haja ya kujulishwa kwa askari wa Bujumbura, aliyeisikia ikivuma katika sherehe za taifa. Lakini safari yake ng'ambo, katika santuri na mitambo, haijulikani na wengi. Twaona yafaa tuisimulie, kwa kuwa ndani yake mna jambo la haki.

Huko Ulaya na Marekani umezuka muziki wa piano unaochanganywa na sauti za elektroniki mbele ya wasikilizaji. Mwaka 1976 mtunzi wa Italia, Luigi Nono, alimtungia mpiga piano Maurizio Pollini kazi ya namna hiyo. Alinasa katika utepe piano iliyopigwa na Pollini mwenyewe, kisha akaigeuza sauti kwa mitambo. Mwaka 1977, mjini Milan, Pollini aliketi jukwaani akapiga, huku vipaza sauti vikimrudishia sauti zake. Utepe haumngoji mtu. Mpigaji hana budi kushika wakati kama askari katika gwaride. Hata hivyo mwenye sauti alikuwapo, akaonekana, na jina lake likatajwa.

Ngoma yetu haikupata heshima hiyo. Mwaka 1967 Wafaransa waliwanasa wapiga ngoma humu nchini, na sauti zao zikatolewa katika santuri ya Ocora. Mwaka 1971 Mfaransa Michel Bernholc aliuchukua mdundo ule, akautia vinanda na magitaa, akauita "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliimba juu ya mdundo huo huo, pamoja na kinanda cha elektroniki kiitwacho Moog. Jina la Burundi lilienea. Wapigaji wenyewe walibaki bila majina.

Hatuilaumu mitambo, maana ndiyo iliyoivusha ngoma bahari. Kosa ni kumsahau mwenye sauti. Mwaka 2005 Burundi ilitunga sheria ya kulinda haki za watunzi na wasanii, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika urithi wa wanadamu.

Ndugu askari na polisi, ninyi ni walinzi wa mali ya raia, na sauti nayo ni mali. Anayenasa ngoma katika sherehe na aandike jina la mpigaji, mahali na tarehe, tena aombe idhini kabla ya kuitoa. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.