Kwa Nini Fomu za Kompyuta Zipangwe kwa Safumlalo na Safuwima

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapofika kwenye dirisha la huduma, taarifa zake huingizwa na mtumishi katika fomu iliyomo ndani ya kompyuta ya ofisi. Wengi hudhani kuwa usahihi wa taarifa hizo hutegemea umakini wa mtumishi peke yake. Hata hivyo, hutegemea pia namna visanduku, vitufe na lebo, yaani maneno yanayotaja kinachopaswa kujazwa, vilivyopangwa katika fomu hiyo.

Zipo njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ya vipimo maalumu, ambapo mtengenezaji wa programu huamua kila kitu kikae umbali gani kutoka ukingo wa juu na wa kushoto, na kiwe na upana gani. Njia hii ni rahisi kuanza nayo, lakini haihimili mabadiliko. Fomu iliyobuniwa kwa Kiingereza inapotafsiriwa, maneno huweza kuzidi nafasi iliyotengwa. Mathalani, lebo ya "Tarehe ya kuzaliwa" ina herufi 16, ilhali ile ya Kiingereza ina herufi 11. Maandishi yakikatwa, "Tarehe ya kuzaliwa" na "Tarehe ya kutolewa" huweza kubaki "Tarehe ya ku" zote mbili. Hapo ndipo tarehe ya kutolewa kwa kitambulisho huweza kuandikwa mahali pa tarehe ya kuzaliwa, na mwenye taarifa akalazimika kuhangaikia marekebisho.

Njia ya pili ni ya gridi. Dirisha la programu hugawanywa kwa safumlalo, zinazolala kutoka kushoto kwenda kulia, na safuwima, zinazosimama kutoka juu kwenda chini, mfano wa daftari la mahudhurio. Zana ya Tkinter, inayotumika na lugha ya programu ya Python, huwezesha mpangilio huu na huanza kuhesabu kwa 0. Lebo ya kwanza hukaa safumlalo 0, safuwima 0. Kisanduku chake hukaa safumlalo 0, safuwima 1. Upana wa safuwima hufuata kitu kipana kuliko vyote vilivyomo. Hivyo, lebo ndefu hujipatia nafasi, na visanduku vyote husogea kwa pamoja bila kupoteza mstari.

Mtengenezaji anapaswa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, safuwima ya visanduku ipewe uzito, na visanduku vishikizwe kwenye kingo zake mbili, ili dirisha likipanuliwa navyo vipanuke. Pili, kitu kinachohitaji nafasi kubwa, kama maelezo ya anwani, kiruhusiwe kuchukua safuwima mbili. Tatu, ndani ya fremu moja, gridi isichanganywe na njia ya kupanga vitu kimoja baada ya kingine, kwani Tkinter hukataa na kutoa ujumbe wa kosa.

Ni vema taasisi, kabla ya kupokea programu mpya, ziijaribu kwa lebo ndefu za Kiswahili, kwa maandishi makubwa na kwa skrini ndogo. Aidha, wananchi wanakumbushwa kusoma taarifa zao, hususan tarehe na majina, kabla ya kuzithibitisha kwa sahihi.