Malipo ya Maegesho Binafsi Uingereza: Haki ya Dereva Mwenye Ulemavu Kukata Rufaa

Wananchi wa Unguja na Pemba wenye jamaa zao Uingereza, pamoja na watumishi wa Serikali wanaokwenda huko kwa masomo au kwa kazi, wanatanabahishwa juu ya barua za madai zinazotolewa na makampuni binafsi yanayoendesha viwanja vya kuegesha magari. Barua hizo huwafikia watu wa kila namna, lakini uzito wake huwa mkubwa zaidi kwa dereva mwenye ulemavu, ambaye mara nyingi hudaiwa kwa sababu ya jambo asiloweza kuliepuka. Wengi hulipa kwa khofu, na wengine huitupa barua kwa hasira. Njia zote mbili zina khasara, na ya tatu, ambayo ni kukata rufaa kwa utaratibu, haijulikani na wengi.

Chukulia mfano wa mzee anayetembea kwa magongo mawili. Ameegesha gari lake katika uwanja wa maduka ambao bango lake linaruhusu saa mbili bila ya malipo. Amesubiri nafasi pana ya walemavu ipate kuachwa wazi, ameteremka kwa taabu, amenunua mahitaji yake, amepumzika njiani mara mbili, kisha amerudi na kupanda gari kwa taabu ile ile. Kamera ya langoni imeandika kuwa gari lilikaa saa mbili na dakika 35. Baada ya siku chache inafika barua inayomdai paundi 100, au paundi 60 akilipa ndani ya siku 14. Mwanawe anaisoma, analiona neno mahkama, na papo hapo anataka kulipa ili yaishe. Mzee naye anajiona kama mtu aliyevunja sheria, na siku ya pili anaogopa kutoka nyumbani.

La kwanza la kufahamika ni kuwa hakuna jinai iliyotendeka. Uingereza zipo ilani za aina mbili, na zote hufupishwa kwa herufi zile zile tatu, PCN. Aina ya kwanza hutolewa na halmashauri kwa kuegesha barabarani au katika uwanja wa halmashauri. Hiyo ni adhabu iliyowekwa na sheria, na ina mabaraza yake ya rufaa. Aina ya pili hutolewa na kampuni binafsi, nayo si adhabu ya Serikali, bali ni dai la fedha linalotokana na mkataba ambao dereva anahesabiwa kuukubali alipoingia uwanjani na kuyakuta mabango. Kwa hivyo kabla ya jambo jingine lolote, isomwe barua ili ajulikane aliyeiandika. Makala haya yanahusu aina hiyo ya pili, na yanahusu England na Wales. Scotland ina sheria zake katika baadhi ya mambo.

La pili ni kibali cha buluu. Kibali hiki hutolewa na halmashauri ya mahali anapoishi mtu mwenye ulemavu, naye hukitumia katika gari lolote analoendesha au analopakiwa, kwani ni chake yeye wala si cha gari. Mpango huo ulianza katika miaka ya 1970 kwa kibali cha rangi ya chungwa, ukageuzwa kuwa wa buluu mwaka 2000, na mwaka 2019 England iliuongeza ili uwafikie pia wenye ulemavu usioonekana kwa macho. Wengi hudhani kuwa kibali hicho kinamruhusu mtu kuegesha popote bila ya masharti. Sivyo. Nguvu zake za kisheria ziko barabarani. Katika uwanja wa mtu binafsi masharti ni yale yaliyoandikwa kwenye bango, na viwanja vingine humtaka mwenye kibali alipe kama wengine. Kwa hivyo rufaa inayosema tu kuwa "nina kibali" ni rufaa dhaifu.

Nguvu ya dereva mwenye ulemavu iko kwengine, nako ni katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila anayetoa huduma kwa umma analazimika kufanya marekebisho yanayofaa pale ambapo utaratibu wake unamweka mwenye ulemavu katika dhiki kubwa kuliko wengine. Wajibu huo unatakiwa kufikiriwa kabla mteja hajafika mlangoni, wala haungojei mpaka alalamike. Kikomo cha saa mbili kinachomhusu kila mtu kwa usawa wa dakika kinaweza kuwa si usawa hata kidogo kwa mtu ambaye kuteremka garini peke yake kunamchukua robo saa. Kumwongezea muda ni mfano wa marekebisho yanayofaa. Vivyo hivyo kwa mashine ya kulipia iliyowekwa juu, asipoifikia mtu aliyeketi katika kiti cha magurudumu, au mashine inayokubali simu tu wakati vidole vya mteja havimtii.

Hata hivyo, sheria hiyo haiifuti barua kwa kutajwa jina lake tu. Mwenye kudai lazima aonyeshe mambo matatu: kwamba ana ulemavu; kwamba ulemavu huo ndio uliosababisha kukiukwa kwa sharti la uwanja; na kwamba kulikuwa na rekebisho jepesi ambalo kampuni ingeweza kulifanya. Mzee wa mfano wetu aeleze kwa dakika: ngapi zilipita kusubiri nafasi, ngapi kuteremka, ngapi kupumzika, ngapi kupanda tena. Maelezo ya namna hiyo yana uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Baada ya hayo huja suala la siku, na hapa ndipo wengi wanapopoteza haki zao. Sheria ya Kulinda Uhuru ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo, ilipiga marufuku kampuni binafsi kufunga magurudumu ya magari ya watu kwa minyororo, lakini kwa upande wa pili iliziruhusu kumdai mwenye gari aliyesajiliwa endapo dereva hajulikani. Ruhusa hiyo ina masharti. Ikiwa hakuna ilani iliyobandikwa kwenye kioo na kampuni imetegemea kamera, barua lazima imfikie mwenye gari ndani ya siku 14, zikihesabiwa tangu siku iliyofuata siku ya kuegesha. Gari lililoegeshwa tarehe 3 Machi, barua yake iwe imefika si zaidi ya tarehe 17 Machi. Ikiwa ilani ilibandikwa kwenye kioo, barua ya mwenye gari inatakiwa ifike katika muda ulio baina ya siku 28 na siku 56.

Barua ikichelewa, dai halifi moja kwa moja, ila kampuni hubaki na haki ya kumdai dereva peke yake, wala si mwenye gari kwa kuwa ni mwenye gari. Sheria haimlazimishi mwenye gari kuitajia kampuni binafsi jina la aliyeendesha. Kwa sababu hiyo ni busara kuhesabu siku kwanza kabla ya kuandika "mimi niliegesha", na bahasha yenye muhuri wa posta isitupwe.

Utaratibu wa rufaa wenyewe una hatua zinazofuatana.

(a) Kuandika kwa kampuni iliyotoa barua ndani ya siku 28. Barua iwe fupi, itaje namba ya ilani, ieleze tukio kwa mpangilio wa wakati, itaje Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 na rekebisho linaloombwa, kisha iombe ilani ifutwe. Iambatanishwe na nakala ya kibali cha buluu, barua ya daktari ikiwepo, risiti ya duka, na picha za bango na za mashine. Asili za vielelezo zisipelekwe, ziwekwe nyumbani. Waswahili husema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na haki ni mali.

(b) Kuandika, wakati huo huo, kwa mwenye uwanja, yaani duka, hoteli au hospitali ambayo mtu aliitembelea. Mwenye uwanja ndiye aliyeiajiri kampuni, naye pia ana wajibu chini ya Sheria ya Usawa. Mara nyingi meneja anayemjua mteja wake na kuiona risiti yake huagiza dai lifutwe, na shauri likaishia hapo.

(c) Kampuni ikikataa, kwenda kwa chombo huru cha rufaa. Makampuni yaliyo chini ya jumuiya ya British Parking Association hufuata chombo kiitwacho POPLA, kilichoanzishwa mwaka 2012; yale yaliyo chini ya International Parking Community hufuata Independent Appeals Service. Barua ya kukataa ndiyo inayosema ni chombo gani. Kwa POPLA barua hiyo hutoa namba maalumu ya tarakimu 10, na mkata rufaa ana siku 28 za kuitumia. Rufaa hiyo haina ada. Uamuzi wake huifunga kampuni, lakini haumfungi dereva, ambaye bado anaweza kujitetea mahkamani.

Ieleweke pia kuwa chombo cha rufaa hutazama kwanza kama ilani ilitolewa kwa mujibu wa masharti ya uwanja na ya sheria. Huruma peke yake haitoshi. Kwa hivyo mkata rufaa asiweke hoja ya ulemavu peke yake, bali aongeze na nyengine zilizo za kweli: bango halisomeki kutoka garini, barua imechelewa, au kampuni haikuonyesha idhini yake kutoka kwa mwenye ardhi. Kanuni za pamoja za jumuiya hizo mbili, zilizoanza mwezi Oktoba 2024, zinamtaka mwendeshaji ampe dereva muda wa kusoma masharti anapoingia, usiopungua dakika tano katika viwanja vingi, na muda wa ziada wa dakika 10 baada ya muda alioruhusiwa kumalizika. Dakika hizo nazo zihesabiwe.

Ipo hoja moja ambayo zamani ilitumiwa sana na sasa imepungua nguvu, nayo ni kusema kwamba paundi 85 au 100 ni nyingi kuliko khasara aliyoipata mwenye uwanja. Mwezi Novemba 2015 Mahkama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika shauri la ParkingEye dhidi ya Beavis, lililohusu dereva aliyezidisha dakika 56 katika uwanja wa maduka huko Chelmsford akadaiwa paundi 85. Mahkama iliamua kuwa kampuni ilikuwa na maslahi halali ya kuzuia watu wasikalie nafasi, na kwamba kiasi hicho hakikuvuka mpaka. Lakini shauri lile halikuwa la mtu mwenye ulemavu, wala Sheria ya Usawa haikuwa ndiyo iliyobishaniwa. Mlango huo haukufungwa.

Jambo la mwisho ni khofu. Baada ya rufaa kushindwa, au barua kupuuzwa, hufika barua za wakusanyaji wa madeni zenye maandishi mekundu na kiasi kilichoongezwa. Watu hao si maofisa wa mahkama na hawana mamlaka ya kuingia nyumbani wala kuchukua chochote. Barua isiyopaswa kupuuzwa hata mara moja ni ile inayotoka mahkamani yenyewe. Aliyeipokea ana siku 14 za kujibu, na akithibitisha kuipokea hupewa jumla ya siku 28 kuwasilisha utetezi wake. Asipojibu, hukumu hutolewa bila ya yeye kusikilizwa, na isipolipwa ndani ya mwezi mmoja hubaki katika daftari kwa miaka 6, ikamzuia mtu hata kupata mkopo au nyumba ya kupanga. Dai la paundi 100 lililopuuzwa huzaa khasara kubwa kuliko hiyo.

Anayeona kuwa amebaguliwa kwa ulemavu wake anaweza pia kufungua madai yake mwenyewe katika mahkama ya wilaya, ndani ya miezi 6 kasoro siku moja tangu siku ya tukio. Kabla ya kufika huko ni vyema kutaka ushauri wa Citizens Advice au wa Equality Advisory and Support Service, ambao haulipiwi.

Turudi kwa mzee wa magongo mawili. Mwanawe, badala ya kutoa paundi 60 usiku ule, angekaa naye mezani, akahesabu siku za barua, akaandika dakika moja baada ya moja, akatafuta risiti ya duka, na kesho yake akapeleka barua mbili, moja kwa kampuni na moja kwa duka. Huenda dai likafutwa, na huenda likaendelea mbele. Lakini mzee angejua kuwa hakuvunja sheria ya nchi, na kuwa nchi ile imeweka sheria inayomtambua yeye na magongo yake. Uingereza na Tanzania zote ziliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao umeihesabu njia ya kufikia majengo na huduma kuwa ni haki, wala si fadhila.

Wenye jamaa huko wanaombwa kuwafikishia maelezo haya, khasa wazee wanaoishi peke yao na wasioizoea lugha ya barua za madai. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki haipotei maadamu yupo mwenye kuidai kwa wakati wake.