GARI LA UMEME LINADUNDA KAMA MKOKOTENI? USIKIMBILIE KUNYANYUA SPRINGI

Leo naomba tuweke siasa pembeni, nizungumzie kitu kilichonitia aibu mbele ya mama yangu mzazi. Hicho kitu ni gari. Tena gari la umeme, mtumba kutoka Japani, Nissan Leaf ya zamani yenye betri ya kWh 24. Nililileta Ifakara likiwa juu ya fuso, mtaa mzima ukanicheka: "Chaji ikikuishia Kiberege utasukuma?"

Niwatoe wasiwasi, chaji siyo tatizo langu. Nachaji usiku nyumbani, asubuhi naondoka. Na bonde letu hili hili la Kilombero na jirani zake linachangia kuwasha taa za nchi: Kidatu kuna mitambo ya megawati 204, Kihansi 180. Tatizo langu lilikuwa KUDUNDA. Gari linakurusha utadhani umepanda mkokoteni wa ng'ombe!

Kisa chenyewe ni hiki. Bi mkubwa anakaa Kiberege, mimi niko Ifakara mjini. Ana matatizo ya kiuno, na kila mwezi lazima aje kliniki. Nikajisemea sasa mama ataacha kubanana kwenye Noah za abiria, atapanda gari la mwanaye, kimya kimya bila moshi. Na barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, si ile ya vumbi tena, ni lami, ilizinduliwa rasmi Agosti 2024. Nani kama mimi?

Safari ya kwanza alivumilia. Ya pili alishuka ameshika kiuno. Ya tatu akaniambia, "Baba, kliniki mwezi huu siendi, najisikia nafuu." Uongo mtupu! Alikuwa analikimbia gari langu. Miezi miwili akaikosa kliniki kwa sababu yangu mimi. Hapo ndipo nikaacha utani.

KOSA LANGU LILIKUWA NINI?

Betri ya gari hili imelala chini ya sakafu, tumboni kabisa, na gari lenyewe limeinuka kutoka chini kama sentimita 16 tu. Niliogopa mawe na matuta, nikaenda gereji moja (jina naliacha), nikawaambia "ninyanyulieni". Wakaniwekea ile mipira inayochomekwa katikati ya mizunguko ya springi, magurudumu yote manne. Halafu wakapiga upepo wa nguvu, wakasema gari litakuwa jepesi na chaji haitaisha haraka. Gari likasimama juu, zuri kweli kulitazama. Nikalipa, nikashukuru.

Sasa twende taratibu. Springi inafanya kazi kwa kujikunja. Ukiwa na mizunguko sita inayojikunja, kila mmoja unabeba sehemu yake ya mshtuko. Ukichomeka mpira ukafunga mmoja au miwili, iliyobaki inabeba kazi yote, na springi inakuwa ngumu zaidi. Ndiyo maana hata kukata springi kunalifanya gari liwe gumu, ingawa linashuka badala ya kupanda. Mizunguko ikipungua, ugumu unaongezeka. Hakuna uchawi hapo.

Na kumbukeni gari la umeme tangu kiwandani limeshafungwa springi ngumu kidogo. Kwa nini? Uzito. IST ambayo wengi mnaijua ina kama tani moja. Leaf ina kama tani moja na nusu, na betri peke yake ni karibu kilo 300, sawa na magunia matatu ya mpunga ya kilo mia mia, unatembea nayo kila siku hata ukiwa peke yako. Ukifunga springi laini, gari zito namna hiyo litalala kwenye kona na kugonga chini kwenye tuta. Kwa hiyo mimi nilichukua kitu kigumu nikakiongezea ugumu. Akili gani hiyo?

ANZIA CHINI, PANDA JUU

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee pale Kibaoni. Nilimwambia, "Mzee, nataka shokapu mpya zote nne." Akanijibu, "Kijana, usinunue kitu kabla hujapima upepo." Akatoa geji yake. Tairi zilikuwa na psi 46! Tukafungua mlango wa dereva, tukasoma kibandiko cha kiwandani: psi 36.

Tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari. Kabla shimo halijafika kwenye shokapu linapita kwenye tairi. Ukilijaza kupita kiasi linakuwa kama jiwe. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana joto la hewa likipanda nyuzi 10 upepo nao unapanda kama psi 1 hadi 2, na joto la Ifakara mnalijua wenyewe. Lakini msije mkashusha hadi 25 mkidhani ndiyo raha zaidi. Gari hili ni zito, tairi lenye upepo kidogo linachemka, linaweza kupasuka, na chaji inaliwa haraka.

Halafu angalia umri wa tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne, kwa mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira umeshakauka, na mpira mkavu haunyonyi mshtuko. Mbili za kwangu zilikuwa hivyo.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wengi hawalijui. Gari langu linavaa 205/55R16. Maana yake ubavu wa tairi ni asilimia 55 ya milimita 205, yaani kama milimita 113. Ukivaa rimu ndogo ya 15 yenye tairi 195/65, ubavu unakuwa kama milimita 127, na kipenyo cha tairi zima kinabaki karibu sawa, tofauti haifiki hata milimita 3, kwa hiyo spidi kwenye dashibodi haidanganyi. Ubavu mrefu ndiyo mto wa gari. Ila hakikisha rimu inapita kwenye breki kabla hujalipa, na namba ya uzito ubavuni isipungue 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi. Wale wanaobadilisha kuweka rimu za 18 ili wapendeze, wanajinunulia maumivu ya mgongo.

Baada ya tairi ndipo tukaingia kwenye shokapu. Wengi wanadhani shokapu ndiyo inabeba gari. Hapana, anayebeba ni springi, shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Kandamiza kona moja ya gari kwa nguvu kisha achia. Likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kucheza kama kitanda cha zamani, au ukiona mafuta yamevuja kwenye shokapu, hiyo imekufa. Za kwangu za mbele zilikuwa nzima, ya nyuma kushoto ilikuwa inavuja. Tukabadilisha zote mbili za nyuma, maana shokapu hubadilishwa kwa jozi. Bushi moja ya mbele nayo ilikuwa imechanika, ndiyo iliyokuwa inalia "kwa kwa kwa" kwenye rasta.

Mwisho kabisa tukang'oa ile mipira ya kwenye springi. Gari likarudi kimo chake cha kiwandani.

TAHADHARI: Ukilipiga jeki gari la umeme, tumia sehemu zilizowekewa alama pembeni chini ya milango, USIPIGE jeki kwenye betri. Na zile nyaya nene za rangi ya chungwa msiziguse kabisa, ule si umeme wa betri ya kawaida.

MAMBO AMBAYO HAYAHITAJI HELA

Bi mkubwa nilikuwa namkalisha nyuma, kwa heshima, kama bosi. Kumbe nyuma ndiko kubaya zaidi kwa sababu kiti kiko karibu kabisa na magurudumu ya nyuma. Ukikaa mbele uko katikati zaidi ya gari, mrusho unapungua. Sasa anakaa mbele, kiti kimelazwa kidogo, na khanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno.

Jingine ni mguu wa dereva. Gari la umeme ukiachia pedali linajifunga lenyewe ili kurudisha chaji, na pua inainama. Ukiachia ukiwa juu ya tuta, springi za mbele zinakuwa zimeshajikunja, hazina nafasi ya kunyonya tena, ndiyo unasikia "gbu!" Punguza mwendo MAPEMA, ukifika kwenye tuta gusa pedali kidogo pua iinuke, upite polepole. Tangu Kiberege hadi mjini matuta yako ya kutosha kufanyia mazoezi, hahaha.

Sitawadanganya, kuna gharama. Gari sasa liko chini kama lilivyozaliwa, kwa hiyo njia za mashambani wakati wa masika siendi nalo, napanda bodaboda kama wengine. Nimechagua: gari la lami libaki la lami. Anayetaka kupita kote kote anunue gari la juu tangu mwanzo, asilazimishe la chini kuwa refu.

Wiki iliyopita nikamfuata Bi mkubwa. Alipanda kwa mashaka, mkono mmoja ameshika mlango. Tulipofika Signali akaniambia nisimame amsalimie shoga yake. Zamani alikuwa hataki hata kusimama, anataka tufike ashuke. Akapiga soga robo saa nzima, akarudi kwenye gari mwenyewe, akafunga mlango, akasema, "Haya twende, tutachelewa kliniki."

Mimi kwangu hiyo inatosha.

Wale mnaosoma hapo kafe na muda unaisha, nakilini haya tu: upepo, umri wa tairi, shokapu na bushi, springi mwisho. Na wenye bajaji za umeme mtuambie hapo chini kwenye maoni, nyinyi gurudumu la mbele linapita katikati, mashimo mnayakwepaje? Karibuni tuelimishane, matusi hapana.