Kuhara na kutapika: rudisheni maji mwilini



Hapa Goma hakuna nyumba isiyojua ugonjwa wa kuhara na kutapika. Kwa kuwa tumeuzoea, tunaudharau. Tena jamaa wengi hufuata desturi ya hatari: mtoto akihara, wanamnyima maji ili tumbo likauke. Tumbo halikauki kwa njia hiyo. Anayekauka ni mtoto.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ni ugonjwa wa matumbo unaoletwa na vijidudu. Vijidudu hutoka katika mavi ya mgonjwa, vikaingia kinywani mwa mtu mwingine kwa maji, chakula, mikono au nzi. Kwa watoto wadogo kijidudu kinachosumbua sana ni rotavirusi. Chanjo yake ipo, basi mpelekeni mtoto achanjwe kwa wakati wake. Kijidudu cha kutisha kuliko vyote ni kile cha kipindupindu. Huyo mgonjwa hutoa maji meupe kama yale yaliyooshea mchele, na anaweza kufa kwa saa chache.

Matumbo yenye afya hunyonya maji na kuyapeleka katika damu. Yakishikwa na vijidudu, maji na chumvi vya mwili hutoka nje. Damu hupungua, moyo huenda mbio, mkojo hukatika. Hicho ndicho kinachoua.

Mji wetu uliona jambo hilo. Julai 1994 wakimbizi zaidi ya laki tano kutoka Rwanda waliingia Kivu ya Kaskazini. Maji safi hayakutosha, watu wakateka maji machafu ya ziwa, na katika mawe ya volkeno ilikuwa vigumu kuchimba vyoo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Lakini kipindupindu kikitibiwa upesi na vizuri, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja au hufa mmoja tu.

DAWA YA KWANZA

Dawa hiyo ni SRO, yaani chumvi na sukari za pakiti, ambazo huchanganywa na maji safi. Msishangae sukari kuwamo. Sukari huipitisha chumvi katika ukuta wa matumbo, na chumvi huvuta maji. Njia hiyo hubaki wazi hata matumbo yakiwa na ugonjwa.

Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwatibu wakimbizi wa Bangladesh wenye kipindupindu huko India. Dawa ya kutia katika mshipa ilipokwisha, aliwapa dawa ya kunywa, na jamaa zao wenyewe ndio waliowanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kwa hiyo mama au baba aliye nyumbani anaweza kuokoa mtu.

Fanyeni hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti, upime maji kama ilivyoandikwa, mara nyingi litri 1. Usipime kwa chupa ya bia, maana haifiki litri.

2. Pakiti ikikosekana, tia katika litri 1 ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi, inadhuru.

3. Kila akihara, mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa; aliyezidi miaka 2, nusu hadi kikombe kizima; mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee kwa kijiko, polepole.

4. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

5. Mtoto aendelee kunyonya na kula uji. Ombeni pia zinki kituo cha afya. Mtoto huimeza kwa siku 10 hadi 14.

Fanta, bia na kahawa si dawa. Msinunue vidonge vya kufunga tumbo kwa ajili ya mtoto.

KIMBIENI KITUO CHA AFYA IKIWA

macho yameingia ndani, mkojo umekatika, mgonjwa amelegea au hawezi kunywa, kuna damu katika choo, anatapika kila kitu, au anahara maji mengi mfululizo. Njiani endeleeni kumnywesha.

KUJIKINGA

Maji ya ziwa, hata yakionekana meupe, yatiwe klori au yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima. Bidoni isafishwe na ifunikwe. Naweni kwa sabuni mkitoka chooni, mkimsafisha mtoto, na kabla ya kugusa chakula. Mavi ya mtoto nayo yatupwe chooni.

Nawe mchimbaji, ukihara usishuke mgodini. Jasho na kuhara pamoja hukausha mwili haraka, na kizunguzungu karibu na mashine ni ajali. Mwambie mkuu wako, uende kwa mganga.

Leo jioni uliza nyumbani: pakiti za SRO ziko wapi? Kama hazipo, zitafuteni kesho, kabla hujaondoka kwenda kambini.