Kitanda Usichokilalia

Wazazi wengi katika vikundi vyetu wanaijua shida hii. Mtoto amemaliza miaka minne ya chuo kikuu. Ng'ombe ameuzwa, mkopo wa kikundi umechukuliwa, harambee imefanywa. Majina ya watakaohitimu yanapotolewa, lake halipo. Akiuliza, anaambiwa alama za somo fulani hazionekani. Mtihani aliufanya, lakini alama zimepotea.

Sasa, alama hazina miguu. Mhadhiri anasahihisha karatasi na kuandika alama. Zinapelekwa ofisi ya idara, zinaingizwa katika kompyuta, halafu wakubwa wa kitivo wanazipitisha. Zinaweza kukwama mahali popote katika safari hiyo. Wakati mwingine ni uzembe wa mtu, hatukatai. Lakini wakati mwingine karani hakufundishwa programu mpya, au mhadhiri amesahau neno la siri, na fundi wa kompyuta ni mmoja tu kwa majengo matano.

Basi chuo kifanye nini? Wengi hukimbilia kununua mashini mpya. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kununua, ni lazima kuwauliza wanaofanya kazi. Kazi hiyo ya kuuliza ina hatua zake, na sisi wa vikundi tunaweza kujifunza kutoka kwake.

Kwanza, uliza juu ya kazi, si juu ya mashini. Ukimwuliza mtu, "Unataka kompyuta gani?" atakwambia anataka mpya, na nani atakataa? Afadhali umwulize, "Wiki iliyopita ulikwama wapi? Ulimwita nani? Alikuja baada ya muda gani?" Hapo utapata ukweli.

Pili, usiwachanganye watu wote katika kapu moja. Mhadhiri anahitaji kuandaa masomo na kutuma alama. Mhasibu anahitaji mashini isizime siku ya mishahara. Karani anaandika barua za idara nzima. Ukimwuliza mkuu wa idara peke yake, utapata shida za mkuu wa idara.

Tatu, uliza maswali mawili kwa kila jambo. Huko Marekani, chuo cha Bryn Mawr na vyuo wenzake wamekuwa na uchunguzi uitwao MISO tangu mwaka 2005. Walimu, wafanyakazi na wanafunzi huulizwa: jambo hili ni muhimu kwako kiasi gani? Na umeridhika nalo kiasi gani? Jambo lililo muhimu sana, na watu hawajaridhika nalo, ndilo la kushughulikiwa mapema. Lisilo muhimu linaweza kungoja, hata kama watu wanalilalamikia.

Nne, soma daftari la mafundi. Kila anayeomba msaada aandikwe: shida gani, siku gani, ilitatuliwa lini. Tuseme kwa mwezi mmoja watu arobaini wameita kwa sababu ya neno la siri. Hapo hakuna haja ya mashini mpya. Kinachotakiwa ni mafunzo ya asubuhi moja, au njia rahisi zaidi ya kuingia.

Tano, watafute wasiosikika. Fomu ikitumwa kwa barua pepe, ambaye kompyuta yake imekufa hataipata. Ni kama kuitisha baraza na kusema, "Asiyekuja ainue mkono." Mwenye kuona haya kwamba hajui naye hataandika. Mwendee ofisini, ukae naye, umwone akifanya kazi.

Mwezi Machi 2020 vyuo vya Kenya vilifungwa kwa sababu ya korona, na masomo mengi yakahamia kwenye intaneti. Tangu mwaka 1999 kuna KENET, mtandao unaounganisha vyuo vyetu na intaneti. Lakini waya unaofika chuoni haufiki sebuleni kwa mhadhiri. Ambaye stima ilipotea, au hakuwa na pesa za bando, au hakuwahi kufundisha kwa njia hiyo, alikwama. Mahitaji hayo yalikuwako tangu zamani, ila chuo kinachouliza juu ya mashini za ofisini tu hakiwezi kuyaona.

Majibu yakikusanywa, yagawe mafungu matatu: anayekosa kifaa, anayekosa ujuzi, na anayekosa mtu wa kumwita. Kompyuta mpya inamsaidia wa kwanza tu. Halafu warudie wale uliowauliza, uwaambie nini kitafanywa na nini hakitawezekana mwaka huu. Ukiwauliza na kunyamaza, mwaka ujao hawatakujibu.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza chuo: alama zikikwama, nani anafuatilia, na kwa siku ngapi? Na kikundi chenu kikiahidiwa kompyuta, msipige makofi haraka. Kaeni chini mwulizane kwanza.

Ya kujadili katika kikundi:
1. Ni kitu gani tuliwahi kuletewa bila kuulizwa, na kiko wapi leo?
2. Katika kikundi chetu, nani haulizwi kamwe?
3. Kifaa chetu kikiharibika, tunamwita nani, na nani anamlipa?